Shorobo Kabla ya Januari

Tangu turudi, kila anayekuja kununua ndagala mezani kwangu anauliza habari za msitu kabla hajauliza bei ya samaki. Nimeeleza mpaka sauti imekauka, na kila nikieleza, Shemeji Ramazani anaongeza ya kwake ingawa hakwenda popote. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Mkisikia jambo ambalo halimo humu, mjue limetoka kwa Shemeji.

Kalundu: ugomvi wa tarehe

Mume wangu mnamjua, Baba Zuhura, nahodha wa boti hapa bandarini Kalundu tangu ujana wake. Wengi wenu mnamwita Bawa Jekundu, na wengine hamjui hata jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka hivi. Alipokuwa kijana alimsindikiza baba yake kuuza samaki wakavu kule juu, kwenye milima ya Burundi. Pembeni mwa msitu akaona ndege mkubwa ametulia juu ya tawi, rangi yake kijani ya giza, wa kawaida tu. Ndege akaruka, na mabawa yakawa mekundu kama damu ya kuku. Akashuka kwenye mti mwingine, akawa wa kijani tena. Alipokuja kusimulia bandarini wakamcheka mpaka wakakaa chini. Ndege gani anabadilisha nguo angani? Jina likamganda. Mwenyewe alicheka nao, lakini miaka yote nikiwa naye, mzigo wowote uliotoka milimani alimuuliza mwenye mzigo kama amemuona yule ndege.

Kisha macho yake yakaanza kuharibika. Daktari alituambia ni presha ya macho, kwamba matone yatapunguza mwendo wa ugonjwa lakini kilichopotea hakirudi. Baba Zuhura alikuwa akiona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe likaanza kuingia moshi. Asubuhi moja, chai ikiwa mkononi, akaniambia:

"Mama Zuhura, minye nataka nione ule ndege tena, mbele ya haya macho kufunga kabisa."

Hakuwa mtu wa kuomba vitu. Siku ileile nikaanza kupanga.

Kupanga kwenda ni rahisi. Kupanga lini ndiko kulikoleta vita. Shemeji Ramazani, mdogo wake, alikuja nyumbani akiwa ameshakata shauri kwa niaba yetu.

"Mungoje Januari," akasema. "Mvua inapunguka, njia inakauka. Mukienda mu Oktoba mutateleza. Muntu haoni vizuri, weye unamupeleka mu matope?"

"Na macho yake iko inangoja Januari?" nikamuuliza.

"Haraka ya nini? Ndege haiko inahama."

Nilimpigia simu Concilie, mama mmoja anayetembeza wageni kwenye msitu wa Kibira, upande wa mashamba ya chai ya Teza. Namba nilipewa na mteja wangu wa Bujumbura. Nikamweleza ndege tunayemtaka. Akacheka, akasema yupo, vitabuni anaitwa shorobo. Nikamuuliza aje lini mtu asiyeona vizuri. Akasema wakati wa kiangazi njia ni nzuri lakini ndege wamejificha ndani sana, kwenye miteremko mikali. Mvua za kwanza zikianza, miti ya ukingoni huzaa matunda na shorobo hutoka kuyafuata, karibu kabisa na chai. Wageni wa Ulaya huja majira hayo pia, kwao majani yanadondoka, na ndege wadogo wa kwao wanakuwa wameshafika kwetu kukimbia baridi. Januari matunda ya ukingoni yanakuwa yameisha.

Basi ni Oktoba. Ikabaki kuchagua siku, na hiyo sisi wa Kalundu hatuchagui, tunachaguliwa na mwezi. Mwezi ukipevuka, taa za wavuvi hazina kazi, mitumbwi inalala ufukweni na meza yangu inabaki tupu. Tulikwenda siku za mbalamwezi. Shemeji alinuna hata kutuaga hakutuaga vizuri.

Gatumba: nahodha wa teksi

Usiku kabla ya safari mvua ilinyesha, na najua nani alifurahi. Asubuhi tulipanda pikipiki mbili hadi mpakani mwa Burundi. Habari za mpakani naziruka, mnazijua wote.

Ng'ambo, kabla ya kufika Gatumba, maji yalikuwa yamekaa juu ya barabara. Magari yamesimama, watu wamevua viatu, wauza maandazi wameshafika kufanya biashara. Dereva wa teksi tuliyoipata alikuwa kijana mwoga, akasema hatutapita mpaka maji yapungue. Nilianza kumjibu maneno ambayo siyaandiki. Baba Zuhura akafungua mlango, akakunja suruali, akaingia majini na kusimama mbele ya gari.

"Fuata minye," akamwambia. "Polepole. Usikate moto ya injini."

Mkisikia sauti ya nahodha mnaijua. Kijana alitii. Baba Zuhura alitembea mbele, miguu ikipapasa chini, mkono ukipunga. "Kushoto! Kushoto ingine! Sasa nyoosha! Ongeza kidogo!" Magari mengine yakaona kuna mtu anayeijua njia, yakajipanga nyuma yetu. Mpaka askari mmoja akaja kutembea kando yake, akifikiri ni mtu wa serikali aliyetumwa kupima barabara. Tulipofika kwenye nchi kavu dereva alishuka kumpa mkono.

"Asante, muzee. Unaona vizuri sana."

"Naona," akajibu Baba Zuhura kwa heshima zote, akanyoosha mkono wake pembeni ya mkono wa kijana. Niliushika nikauweka mahali pake. Sikucheka mpaka tulipofika mjini, na nilipoanza nilishindwa kuacha.

Buyenzi: pulova ya mkwe

Tulilala kwa binti yetu Zuhura, aliyeolewa Buyenzi. Alipika wali na maharage, akachoma samaki aina ya mukeke, akamtolea baba yake miiba kama anavyomtolea mtoto wake. Baba yake alimwacha afanye. Baada ya kula Zuhura akanivuta jikoni.

"Mama, baba iko anakosa hata kikombe juu ya meza. Kule ni mulima. Mungoje tu kidogo, Januari minye nitaenda na ninyi."

Hata huku Januari imefika, nikajisemea. Kumbe Shemeji alikuwa amepiga simu. Nikamwambia mwanangu kwamba simlaumu, lakini baba yake hajawahi kuniomba kitu ila hiki, na kesho tunapanda. Alilia kidogo, kisha akaleta pulova ya mumewe. Mimi nilikuwa nimefungasha kanga, viatu vya plastiki na mfuko wa ndagala. Nilidhani baridi ni ile ya asubuhi ya Kalundu mtu anapotoka kuoga.

Bugarama: wingu barabarani

Basi dogo lilipanda mlima tangu mjini bila kupumzika. Ziwa likabaki chini nyuma yetu, Baba Zuhura akiniuliza kila mara kama bado linaonekana. Nilimwambia ndiyo hata lilipokwisha kuonekana. Karibu na Bugarama injini ikachoka, tukashuka kungoja gari lingine. Wanawake walikuwa wanauza karoti na kabichi pembeni mwa barabara, wakiwa wamejifunika mablanketi. Nikaenda kununua ndizi za kuchemsha.

Nikiwa nalipa, hewa ikawa nyeupe. Sijui niseme vipi kwa watu wa ziwa. Ukungu wetu tunauona ukija juu ya maji, tunajua unatoka wapi. Huu haukuja, ulikuwa tu umeshafika. Mwanamke aliyekuwa ananipa chenji alipotea, ikabaki sauti yake.

Nikasikia Baba Zuhura akiniita, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake hata siku ambayo boti ilizimika katikati ya dhoruba. Nilipapasa mpaka nikamfikia. Alikuwa ameketi juu ya mzigo wetu, mikono miwili imeshika magoti.

"Imekuja," akaniambia. "Mama Zuhura, imekuja. Siko naona kitu. Nyeupe tu. Tumechelewa."

Nilielewa anachodhani. Nikakaa chini kwenye majani yenye maji, nikamshika uso.

"Sikiliza. Hata minye siko naona. Hata muuza ndizi haoni. Ni wingu, imeshuka ku barabara."

"Unanidanganya?"

"Mama wa karoti!" nikapiga kelele. "Unaniona?"

"Oya!" akajibu kutoka ndani ya weupe, na wenzake wakacheka. Hapana, alimaanisha.

Baba Zuhura aliinamisha kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanatoka pia. Wingu lilipopita alinikuta nimeshika ndizi mbili zilizokandamizwa kwenye ngumi. Tukazila hivyohivyo. Lakini tangu hapo niliacha kusema safari hii ni matembezi.

Teza, siku ya kwanza: hapa si ziwani

Concilie ni mwanamke mrefu, mwembamba, hana maneno mengi, na anatembea mlimani kama mtu anayekwenda jikoni kwake. Alitutazama viatu vyetu, akaondoka, akarudi na mabuti ya wafanyakazi wa chai. Hakusema neno juu ya viatu vya plastiki. Harufu ya mfuko wangu aliisemea.

"Nani amebeba samaki?"

"Ni ndagala za Kalundu," nikamwambia. "Za kwetu halisi."

"Ziache nyumba ya wageni," akasema, lakini niliona amemeza mate.

Tulikuwa na mgeni mwingine mmoja, mzee mstaafu kutoka Bujumbura, mwenye kamera ndefu kuliko mkono wangu. Yeye pia alimtaka shorobo. Alikuwa amekuja mara tatu bila kupata picha anayoitaka, ndege ametulia tawini, jicho linaonekana.

Masharti ya Concilie yalikuwa mepesi. Tembea nyuma yangu. Usivunje tawi. Ukimya. Tulitembea kati ya chai na msitu, Baba Zuhura ameshika bega langu, matope yanavuta buti kila hatua. Aliteleza mara moja, nami mara tatu, habari ambayo Shemeji haijui mpaka anaposoma hapa. Aliinua darubini yake ya zamani ya boti kila Concilie aliposimama, akaishusha bila kusema.

Sasa lazima niwakumbushe jambo la kwetu. Alfajiri ziwani, ndege wakishuka kwa kundi juu ya maji, maana yake samaki wako chini yao. Anayewaona kwanza anapiga ubavu wa mtumbwi kwa kiganja na kupaza sauti, wenzake wageuze chombo. Baba Zuhura amefanya hivyo maisha yake yote. Tulipofika kwenye daraja la mbao juu ya kijito, kundi la ndege wadogo wa manjano likaporomoka mbele yake, ndani kabisa ya lile bomba analoonea. Kiganja chake kikatua kwenye ubao wa daraja kabla akili haijafika.

"Hoo! Wameshuka! Wameshuka!"

Msitu ukanyamaza. Kisha vitu vikaruka kila upande, kila kilichokuwa na bawa kikaondoka. Mzee wa kamera alifumba macho kama mtu aliyepigwa.

"Mzee," akasema taratibu, "hapa si ziwani."

"Samahani," akasema Baba Zuhura. "Mukono ilienda yenyewe." Alikuwa ameona haya mpaka shingoni.

Concilie hakugomba. Alisema tu kwamba ndege wa ukingoni wakiogopeshwa wanarudi ndani, na mgeni atakayepiga kelele tena atamtoa msituni siku hiyohiyo, awe nani. Siku ile hatukuona kingine.

Jioni katika nyumba ya wageni walituletea maharage na ndizi. Nikatoa ndagala, nikazikaanga kwa kitunguu. Concilie alikuja kusema kwaheri akakaa. Mzee wa kamera naye akasogeza kiti. Hakuna aliyetaja harufu.

Teza, siku ya pili: dumu

Ilikuwa siku ya mwisho. Mwezi ulikuwa umeshaanza kupungua, mitumbwi ingerudi majini, na nauli ya kukaa zaidi hatukuwa nayo. Tuliondoka kukiwa na umande. Concilie alituweka mahali ambapo msitu unakatika, bonde dogo la wazi linapita kati ya miti ya upande huu na ya upande ule. Akanong'ona kwamba kwenye mti wa kulia kuna matunda, kwamba shorobo huja kula hapo, na akimaliza huvuka uwazi ule kurudi alikotoka.

Tulingoja mpaka maji ya dumu letu yakaisha. Kisha Concilie akanyoosha kidevu.

Alikuwepo. Nilimuona mara moja, mkubwa, kijani na buluu ya giza, mkia mrefu, anahama tawini kwa miguu kama kuku anayepanda ngazi. Hakuwa na wekundu hata kidogo. Mzee wa kamera aliinama juu ya chombo chake, akaanza kukizungusha polepole, pumzi ameishika.

"Iko wapi?" akauliza Baba Zuhura kwa kunong'ona.

Nikakishika kichwa chake kwa mikono miwili nikakigeuza. "Ku ule muti. Juu ya tawi yenye kukauka."

"Naona muti."

"Na ndege?"

"Naona muti." Akahamisha darubini kidogo. Akangoja. Akahamisha tena. Mwishowe akaishusha, akaanza kufunga kifuniko chake. "Basi, Mama Zuhura. Weye umemuona. Inatosha."

Haikutosha. Niliposikia neno lile nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani, labda presha ya macho yenyewe. Yule ndege alikuwa jani katikati ya majani, na mtu mwenye macho yale hawezi kupata jani. Angemaliza matunda yake akaondoka wakati Baba Zuhura anatazama pengine, na sisi tungeshuka kwenda kusema tulifika. Nilijua masharti ya Concilie. Nilimwona mzee wa kamera, kidole juu ya kitufe.

Nikamgeuza mume wangu mabega mpaka uwazi wa bonde ukawa sawa mbele ya uso wake.

"Angalia pale penye mwangaza," nikamnong'oneza. "Usiangalie fasi ingine. Usifumbe."

Kisha nikalishika dumu letu tupu la maji, nikalipiga kwa kiganja kwa nguvu zangu zote, na kwa sauti ileile ninayowaitia mitumbwi kutoka ufukweni nikapiga kelele:

"Hoo! Wameshuka!"

Shorobo aliruka. Alifungua mabawa, na nguo yake ikabadilika angani. Mekundu, mekundu tupu, mabawa mawili mapana yakiteleza juu ya bonde bila kupigwa, jua likiyapitia. Yalivuka uwazi wote kutoka kulia hadi kushoto. Mkono wa Baba Zuhura uliinuka peke yake ukamfuata, na kichwa chake kikaufuata mkono, mpaka ndege akaingia mitini ng'ambo na kuwa wa kijani tena.

"Nyekundu," akasema Baba Zuhura. "Iko nyekundu. Vile nilisema."

"Vile ulisema," nikamjibu.

Mzee wa kamera alitazama kioo cha kamera yake. Kulikuwa na tawi kavu, safi kabisa, bila ndege. Akaniuliza kama najua amekuja mara ngapi. Nilimwomba radhi kwa ajili ya picha yake, tena kwa moyo. Kwa ajili ya kelele sikumwomba.

"Mama," akasema Concilie, "jana nilisema nini?"

"Ulisema utamtoa."

"Basi twende."

Akatutoa. Alitangulia, sisi nyuma, hadi mwisho wa chai. Hapo akasimama, akamtazama Baba Zuhura ambaye alikuwa anatabasamu peke yake na buti moja limejaa matope.

"Mzee, ulimuona?"

"Nilimuona mara mbili katika maisha," akasema. "Leo yupo shahidi."

Concilie alinigeukia. "Siwezi kukuambia umefanya vizuri."

"Sikuombi uniambie."

Nilimpa ndagala zote zilizobaki. Alizichukua.

Kalundu tena

Kurudi hakukuwa na cha ajabu. Maji ya Gatumba yalikuwa yamepungua, nahodha hakuhitajika. Baba Zuhura alisimulia kuanzia Bugarama hadi mpakani Kavimvira, kwa kila aliyekaa karibu, na mara hii alipofika kwenye mabawa alininyooshea kidole, nami nikaitikia. Bandarini bado mnamwita Bawa Jekundu. Sasa anaitika kwa sauti kubwa zaidi.

Mnaniuliza wakati gani mzuri wa kwenda. Ile Januari ya Shemeji Ramazani imefika, na ni kweli mvua imepungua na njia imekauka, nimethibitisha kwa Concilie. Jana asubuhi niliweka chai mbele ya Baba Zuhura, kwenye mwanga wa dirisha, na mkono wake ukapapasa meza nzima bila kuipata. Nikakisogeza kikombe chini ya vidole vyake. Nilifanya kimya, nikidhani hatajua.

"Usisikitike, Mama Zuhura," akasema. "Mu bomba yote imekuwa giza, ni kweli. Lakini katikati, pale ulinigeuza, bado iko nyekundu."